Ukoko wa bukari una kazi: mazungumzo kutoka Lubumbashi

NADINE: Jambo sana wasikilizaji. Yaya Ilunga, jambo.

ILUNGA: Jambo, mdogo wangu.

NADINE: Leo tunaingia jikoni, kwenye internati moja, yaani bweni la wanafunzi, hapa mjini, kuona mabaki ya chakula yanavyogeuzwa kuwa mboji. Shule hatuitaji jina kwa sababu waliotueleza kazi hii ni watoto.

ILUNGA: Basi tuanzie kwenye sufuria. Ile kubwa ya bukari, ugali wetu, inayolisha internati nzima inaacha ukoko chini, na ukoko huo ulikuwa unakwaruzwa na kutupwa kila siku. Weka juu yake maharage yaliyobaki sahanini, maganda ya viazi vitamu, vichwa vya ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Vyote vilikuwa vinaishia kwenye shimo moja nyuma ya ukuta, pamoja na mifuko ya plastiki. Wanafunzi wa chemia-biolojia wakasema basi.

NADINE: Kilichonigusa mimi ni kwamba hawakukimbilia mbolea. Walianza na mizani na ndoo tatu. Ya kwanza ni ya chakula kilichobaki sufuriani bila kuguswa, ya pili ni ya mabaki ya sahani, ya tatu ni ya maganda. Wanapima kila ndoo, wanaandika daftarini.

ILUNGA: Na prefe, mkuu wa shule, akiona daftari hilo hawezi kubisha. Chakula ambacho hakuna mkono uliokigusa si taka hata kidogo, kuna mlinzi, kuna mfanyakazi wa bustani, wapo watu. Na mama wapishi wakiona siku fulani kinabaki kingi, siku hiyo wanapunguza unga.

NADINE: Unga wenyewe unatoka wapi? Sehemu kubwa inavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliwapiga wenzetu kule hadi serikali yao ikatangaza janga la taifa. Kila mama wa Katuba na Kenya, komuni zetu hapa mjini, anajua bei ya mfuko wa kilo 25 inavyoruka unga usipovuka mpaka. Kutupa bukari katika mji huu, yaya, kunaniumiza kweli.

ILUNGA: Kwa hiyo kilo ya kwanza ya kuokoa ni ile isiyopikwa bure. Mabaki ya sahani, kuku watashukuru. Ila maganda ya muhogo tuyaangalie, maana muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Maganda mabichi usimpe mnyama. Yatie kwenye rundo la mboji.

NADINE: Na ukoko?

ILUNGA: Ukoko na bukari vinataka subira. Ukimwaga ndoo nzima kwa pamoja inashikamana, hewa haipiti, rundo linatoa uvundo na majirani wanakuja kulalamika. Vunjavunja vipande vidogo, uchanganye na majani makavu ya mwembe au unga wa mbao kutoka kwa seremala. Ndoo moja ya chakula, ndoo mbili au tatu za vikavu. Vijidudu vinavyoozesha vinapenda kaboni iwe kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Maharage yana naitrojeni nyingi, majani makavu yana kaboni. Vichwa vya ndakala vifukie katikati kabisa, la sivyo panya na mbwa watavifukua.

NADINE: Na linapata joto kweli! Watoto wanachomeka fimbo ya chuma katikati, wanaiacha kidogo, wakiichomoa kila mmoja anataka kuigusa.

ILUNGA: Rundo la mita moja kila upande, likitengenezwa vizuri, linapita nyuzi 55. Likikaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa. Likipoa mapema, aidha limekauka au limekosa hewa. Ligeuzeni. Kiangazi chetu ni kirefu, kwa hiyo lifunikwe na linyweshwe. Januari kazi inakuwa kulikinga na mvua.

NADINE: Sasa hiyo mboji inakwenda kwenye udongo gani?

ILUNGA: Hapo nataka tukae. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu. Kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilibeba moshi wake na kuangusha shaba, zinki na madini ya risasi kwenye ardhi ya kaskazini-magharibi. Penga-Penga kuna mahali udongo ulibaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu pale nyasi zinazovumilia shaba, wakitumia mbolea ya asili na chokaa. Mbolea hiyo inaishika shaba, chokaa inapunguza asidi, na nyasi zinapata nafasi ya kushika mizizi.

NADINE: Basi watoto wakiweka mboji, lengalenga yao, yaani mchicha, ni salama?

ILUNGA: Hapana, mdogo wangu, na hili nalisema kwa nguvu. Madini hayaondoki, yamefungwa tu. Tena kuna vumbi linalotua juu ya majani yenyewe. Anayelima upande ule asile matembele kwa sababu tu ameweka mboji. Apande kwenye udongo uliopimwa, au apande maua na miti ya kivuli.

NADINE: Jivu la makala, yaani mkaa, je? Jikoni lipo tele.

ILUNGA: Linapunguza asidi kama chokaa. Kwenye rundo weka kidogo sana, maana likizidi naitrojeni inatoroka kama amonia, utaisikia puani. Mimi ningelipeleka moja kwa moja shambani, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

NADINE: Swali la mwisho, limetoka kwa msikilizaji wa komuni ya Kampemba: nitajuaje mboji imeiva?

ILUNGA: Miezi mitatu, minne. Inakuwa nyeusi, haina harufu ya chakula. Kisha panda mbegu kumi za maharage kwenye mboji uliyochanganya na udongo, na kumi kwenye udongo mtupu. Zikiota sawasawa, tumia. Zikiota vibaya kwenye mboji, iache iendelee mwezi mwingine.

NADINE: Watoto wameshapanda zao. Alhamisi ijayo mama mpishi mkuu anakuja hapa studio na daftari la mizani, tulisome pamoja naye.