Wanaume wa Kikorea Wako Kama Kwenye Tamthilia? Nimechoka Kuulizwa, Leo Najibu

Haya, mambo zenu. Leo hakuna muziki wa mwanzo wala nini, laptopu imegoma kuhariri na nikiisubiri video hii itatoka mwakani. Niko chumbani, simu nimeiegemeza kwenye sufuria ya umeme ya wali, kwa hiyo ikianguka mtanisamehe.

Swali ni lile lile. Kila video ninayoweka, hata ile ya kufungua akaunti ya benki, nikishuka kwenye maoni nakuta: "Dada, wanaume wa huko wako kama kwenye tamthilia?" Mwingine: "Dada tuletee oppa mmoja, hata aliyetumika." Oppa ni "kaka", ndivyo msichana wa Kikorea anavyomwita hata mpenzi wake. Nilikuwa nacheka napita. Juzi sasa shangazi yangu wa Tanga, mtu mzima mwenye wajukuu, kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kaanza na salamu, kaja kwenye mvua, kaja kwenye mguu wake, mwisho kabisa: "Mwanangu, na huyu bwana wa kwenye sinema ya machenza, hivi huko wapo wa hivyo?" Nikasema basi, ikifika kwa shangazi lazima nijibu.

Kabla sijajibu tuwekane sawa. Nikitaja pesa ya huku kuna watakaosema najisifu. Nikisema nimelia kwa sababu ya kodi, kuna watakaosema "si urudi, nani alikutuma?" Wote nawajua, na wengine namba zenu ninazo. Mimi ni mwanafunzi Korea Kusini, nipo mji wa Daejeon, sipo Seoul, mji mkuu. Wakorea wenyewe huutania mji huu kwamba hauna raha. Kinachowaleta watu hapa kutoka mikoani ni mkate. Sitanii, kuna duka la mikate lina foleni inayopinda kona. Kwa hiyo nitakachosema ni cha Daejeon, cha mimi na mfuko wangu. Mwenzangu aliyeko Seoul au Busan atawaambia vingine na atakuwa sahihi. Mambo ya kimchi na baridi mnayajua, naruka.

Kwanza niwape aibu yangu. Ninyi mliitazama tamthilia ya Queen of Tears kabla yangu. Mwaka 2024, mimi niko nchi inakotengenezwa, inaonyeshwa Jumamosi na Jumapili usiku, majirani nawasikia ukutani wanapenga kamasi, na mdogo wangu Mbagala kaimaliza yote kwenye flashi. Mimi bado napambana na jina.

Jina langu mwenyewe. Pasipoti ina majina matatu. Kitambulisho cha ukaazi kina yote matatu, la ukoo limetangulia. Benki wakayaunganisha bila nafasi, likawa neno moja kama jina la dawa. Yule kijana wa duka la simu akaona ni marefu, akalikata la mwisho katikati. Sasa huku kila kitu unathibitisha kwa simu. Kuagiza chakula, kukata tiketi, kulipia programu ya kutazama tamthilia, unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, ndipo wanakutumia tarakimu sita. Jina likipishana herufi moja hutumiwi kitu. Nimejaribu herufi kubwa, nimejaribu ndogo, na nafasi, bila nafasi, nimeanza na la babu, nimeishia na la babu. Ukikosea mara kadhaa unafungiwa mpaka kesho. Dukani wanasema nenda benki. Benki wanasema rudi dukani. Wote wananiambia "an dwaeyo", yaani haiwezekani, na ndilo neno la Kikorea nililolijua kwa moyo kabla ya lile la "nakupenda" mnaloniandikia kwenye maoni.

Miezi miwili. Mwisho mwenzangu wa maabara, Mkorea, akaenda nami dukani, akazungumza kwa adabu dakika kumi, wakalirekebisha. Dakika kumi! Nilitoka pale nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, na mpaka leo sijajua kipi kilizidi.

Na huyo ndiye mwanaume wa Kikorea ninayemjua kuliko wote, kwa hiyo tumtumie yeye. Si mrefu. Ana miwani, maabara anavaa ndala za plastiki, na mezani kwake kuna mswaki, maana huku wakila mchana wanapiga mswaki kazini. Ana mchumba Seoul. Siku moja aliacha simu mezani ikawaka, nikaona picha yao na namba 412. Nikamuuliza, hii deni? Akacheka, akasema ni siku walizokaa pamoja, simu inahesabu yenyewe. Siku ya 100 walinunua pete za kufanana. Hapo tamthilia hazijadanganya, kuhesabu siku ni kweli, na mimi niliona wivu, nakubali.

Lakini huyo mchumba wanaonana mara mbili kwa mwezi. Treni ya kasi mpaka Seoul ni kama saa moja tu, shida ni muda. Maabara tunatoka saa nne usiku. Kwenye tamthilia stelingi anaacha kikao katikati, anakimbia mvuani bila mwavuli, wenzake wanabaki wanatazamana. Huyu wangu (wa maabara jamani, msianze) hathubutu kutoka kwenye kikao cha profesa hata akibanwa na haja ndogo. Mkurugenzi kijana anayepata muda wa kumsubiri msichana nje ya ofisi na kahawa mbili, mimi sijamwona. Labda yuko Seoul.

Kitu cha pili kinachonikera ni nyumba. Msichana anaitwa maskini, ana madeni, baba mgonjwa, halafu anaishi chumba cha juu ya paa chenye uwanja wake, maua, taa ndogondogo na mji mzima unaonekana chini. Mimi nilianzia goshiwon, vyumba vidogo sana vya kupanga. Nikisimama katikati na kunyoosha mikono naugusa ukuta huu na ule. Kitanda kinaingia chini ya meza, kwa hiyo ukilala miguu iko chini ya vitabu. Wali na kimchi bure jikoni, hilo nawasifu. Jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Nilikaa miezi tisa.

Ili nihamie hapa mnapopaona, nilitakiwa dhamana ya won milioni 5. Zidisheni mara karibu mbili mpate za Kitanzania. Hiyo si kodi, kodi iko pembeni kila mwezi, hiyo inakaa kwa mwenye nyumba mpaka utoke. Na hiyo ni ndogo, maana kuna mfumo wao unaitwa jeonse, unampa mwenye nyumba fungu zito, nusu ya bei ya nyumba au zaidi, unakaa miaka miwili bila kodi, ukitoka anakurudishia. Ukiona kwenye tamthilia wachumba wanatajataja jeonse halafu wananyamaza, ujue hapo ndipo mapenzi yanapoteswa. Mimi dhamana yangu nilikopa kwa Mtanzania mwenzetu hapa, bado namlipa. Yupo anatazama. Kaka, mwisho wa mwezi.

Pesa natoa wapi? Mwanafunzi anaruhusiwa kazi ya muda kwa kibali, na saa unazoruhusiwa zinategemea pia kiwango chako cha mtihani wa Kikorea. Nafanya Jumamosi na Jumapili kwenye mgahawa mdogo wa kimbap, wali uliokunjwa kwenye mwani. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa. Bima ya afya ni lazima, kila mwezi inakata. Ndiyo maana nikiona wapenzi wanaachana huku wanalia, halafu ghafla wanafungua mkate mrefu wa nyama na nembo imegeuzwa vizuri kwenye kamera, siwezi kulia nao. Lile ni tangazo, limelipiwa. Mimi nalihesabu kwa saa za kuosha vyombo.

Mwenye mgahawa tunamwita imo. Maana yake mama mdogo, ndivyo wanavyowaita akina mama wa migahawani, kama sisi tunavyosema mama ntilie ila huku umekuwa ndugu kabisa. Imo ndiye mwalimu wangu wa tamthilia.

Sasa maoni yangu. Queen of Tears. Sehemu ya kwanza kuna wakwe wanaume, wasomi wakubwa, wamefunga aproni wanapika chakula cha kuwakumbuka mababu wa ukoo wa mke. Nyumbani mliandika: "Kumbe wanaume wa Kikorea wanaingia jikoni!" Jamani, kile ni kichekesho. Kimegeuzwa juu chini makusudi ili Wakorea wacheke. Mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi, imo alinialika kwake. Toka alfajiri wanawake tuko chini na sufuria bapa ya umeme, tunakaanga vipande vya samaki na maboga kwa unga na yai, trei juu ya trei, nywele zangu zilinuka mafuta siku mbili. Wanaume sebuleni na televisheni. Mtoto wa kiume wa imo alibeba meza. Alibeba tu, kuifuta aliifuta dada yake. Nikajiona niko Tanga siku ya Idi.

Nusu ya kwanza ya ile tamthilia naipenda sana. Si habari ya tajiri na maskini kukutana, wameshaoana miaka mitatu, wanalala vyumba tofauti, na mwanaume anatafuta namna ya kutamka talaka. Kim Ji-won, anayeigiza mke, akikunja uso wake ule wa baridi unajua kabisa analia ndani. Nusu ya pili mwandishi kaniangusha. Mara kumbukumbu inapotea, mara gari linagonga, mara risasi. Mimi nilikuwa nataka wakae mezani waongee. Lakini mimi ni nani, sehemu ya mwisho ilipata karibu asilimia 25 ya watazamaji, rekodi ya kituo cha tvN. Walionigombeza kwenye maoni mlikuwa wengi na hesabu iko upande wenu.

Lovely Runner naipita haraka. Dada anarudi mwaka 2008 kumwokoa msanii anayempenda. Nzuri, mavazi yamenikumbusha sekondari. Ila kijana anayekaa na penzi miaka 15 bila kusema, mimi umri wangu huu siwezi kuliita penzi. Aseme tufunge kesi.

Ya machenza sasa. Kwa Kiingereza inaitwa When Life Gives You Tangerines, ilitoka Machi 2025, sehemu nne kila Ijumaa kwa wiki nne. Inaanzia kisiwa cha Jeju zamani, mama mzamiaji wa baharini, binti Ae-sun anayetaka kuwa mshairi, na kijana Gwan-sik asiye na maneno. Jeju wana machenza kama Muheza wana machungwa, ndiyo maana shangazi kaipenda. Jina lake la Kikorea liko kwa lahaja ya Jeju, na imo alinieleza huku anacheka kwamba mtu wa Seoul akilisikia anadhani anaambiwa "umedanganywa kabisa". Lakini kwa watu wa Jeju maana yake ni kumshukuru mtu kwa kazi aliyofanya. Nilivyoelewa hapo nikapiga kofi meza. Yaani ni "pole na kazi"! Tamthilia nzima inaitwa Pole na Kazi, na Kiingereza kimekosa neno, sisi tunalo.

Tuliitazama na imo jikoni, baada ya kufunga. Simu imeegemea kopo la pilipili, yeye na glavu zake nyekundu za mpira, beseni la vitunguu swaumu katikati. Ikafika pale wanapokula nyumbani kwa wakwe. Wanaume wana meza yao, wanawake yao pembeni, na Gwan-sik yuko na wanaume. Anageuka. Hasemi kitu, hagombani na mama yake, anaugeuza mwili anakula akiwaelekea mkewe na mtoto. Basi.

Imo akasimamisha video kwa kidole cha glavu, kioo kikaloa. Akarudisha nyuma. Akatazama tena. Akarudisha tena. Nikadhani haoni vizuri. Akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa mtu mzuri." Nikanyamaza. Akamenya punje mbili tatu. "Hakugeuka hata siku moja."

Tukaendelea na vitunguu.

Kwa hiyo mnaouliza kama wapo, mimi nimekaa miaka mitatu na mtu mmoja wa maabara na mama mmoja wa mgahawa, sijafanya sensa. Kuna Watanzania wameolewa huku wana ndoa nzuri, kuna waliorudi na begi moja. Mkitaka kuja kwa ajili ya oppa njooni, mimi si mama yenu. Ila jazeni fomu jina moja, namna moja, herufi zile zile, toka siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, na mje na pesa ya dhamana.

Na shangazi, nimeona umetuma sauti nyingine sasa hivi nikiwa narekodi, unauliza Gwan-sik mwisho inakuwaje kwa sababu umeme umekatika uko sehemu ya 14. Sikwambii. Subiri umeme.