Usaili wa Serikalini: Kabla Hujafika Mbele ya Jopo

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka na meseji zenu tumeziona, nyingi zinauliza kitu kimoja: nijiandae vipi? Deo, tuanzie wapi?

DEO: Kwenye tangazo lenyewe. Mtu anafungua lile faili, anatafuta jina lake, akiliona anapiga vigelegele, anafunga. Maelekezo ya kurasa za mwanzo hana habari nayo.

ZUHURA: Halafu huko ndiko wengi wanakokwama.

DEO: Tena mlangoni. Sekretarieti ya Ajira, wanaosimamia usaili wa serikalini, wanaandika wazi kabisa: njoo na vyeti halisi. Cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha chuo. Zile karatasi za matokeo, iwe za sekondari au zile za muda za chuo, hazikubaliki. Kama umesoma nje ya nchi, vyeti viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, kwa mfano Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa shahada.

ZUHURA: Na majina, Deo. Hili nalikazia. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwajuma Saidi Ally, cha chuo Mwajuma S. Ali, kitambulisho cha NIDA Mwajuma Said. Wewe unajijua ni mtu mmoja. Anayekagua hakujui, anasoma karatasi tu.

DEO: Hapo unahitaji kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Soma tangazo lako linataka ipi, na usiende kumtafuta mwanasheria jioni ya kuamkia usaili. Utalipa bei ya mwenye shida.

ZUHURA: Haya, mchujo. Ule wa kuandika.

DEO: Tuchukue kada moja, Afisa Ugavi. Kuna mtu anakesha na madesa ya mwaka aliohitimu, yanamwambia Sheria ya Ununuzi wa Umma ni ya 2011 na mfumo wa zabuni mtandaoni ni TANePS. Wakati sheria mpya ni ya 2023, imeanza kutumika Juni 2024, na zabuni sasa ziko kwenye mfumo mpya, NeST.

ZUHURA: Kwa hiyo anakariri vizuri kitu kilichokwisha.

DEO: Anakariri vizuri sana! Chukua yale majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo la kazi, kila jukumu ligeuze liwe swali, halafu ulijibu kwa sheria na mfumo unaotumika leo.

ZUHURA: Sasa umepita, umeitwa mahojiano. Unaingia, jopo limekaa. Unasalimiaje? Maana mimi na Deo hapa hatuelewani.

DEO: Mimi nasema shikamooni. Mle ndani kuna mtu wa umri wa mama yangu, nitamwambiaje "habari za asubuhi"?

ZUHURA: Na pembeni yake kuna kijana mliyelingana naye, unamwamkia? Sema "habari za asubuhi", kwa heshima, kichwa kimeinama kidogo, yatosha. Subiri uambiwe ukae. Hapo ofisini, kaka, sio ukweni.

DEO: Basi tuwaachie wasikilizaji. Ila msiogope wasipotabasamu. Kila mmoja ana karatasi ya kuwekea alama na swali moja wanaliuliza siku nzima kwa watu tofauti. Uso mkavu haumaanishi umekosea.

ZUHURA: Na swali la kwanza tunalijua: tueleze kuhusu wewe.

DEO: "Naitwa fulani, nimezaliwa Kasulu, ni mtoto wa tatu kati ya saba, shule ya msingi nilisoma..." Jamani! Dakika mbili zimeisha na bado uko darasa la nne.

ZUHURA: Wanataka kujua unaifaa vipi kazi hii. "Nina shahada ya ununuzi na ugavi, nimesajiliwa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, mafunzo kwa vitendo nilifanya stoo ya halmashauri." Umemaliza. Wao wenyewe watakuuliza huko stoo ulifanya nini.

DEO: Na hapo ndipo pa kujibu kwa tukio. Usiseme wewe ni mchapakazi, kila aliyeingia asubuhi hiyo ni mchapakazi. Sema: "Tulipohesabu mali, leja ilikuwa na katoni 40 za karatasi, rafuni zipo 31. Nikapitia fomu za kutolea vifaa moja moja, nikakuta idara moja ilichukua tisa, fomu ikabaki kwenye faili bila kuingizwa. Nikamwonyesha msimamizi, leja ikarekebishwa."

ZUHURA: Lakini liwe lako kweli. Watakuchimba: fomu inasainiwa na nani? Nakala zinakwenda wapi? Hadithi ya kuazima inakatikia hapo hapo.

DEO: Na usipojua jibu, sema hujui, kisha eleza ungelitafuta wapi. Kuzungukazunguka wanakujua.

ZUHURA: Mavazi sina mengi, safi na ya staha, viatu visivyokuumiza maana kusubiri ni kwingi. Mshahara?

DEO: Serikalini tangazo linataja ngazi ya mshahara, mathalani TGS D, hakuna cha kupatana. Sekta binafsi watakuuliza unatarajia kiasi gani, kwa hiyo ulizia soko mapema uwe na kiwango chako.

ZUHURA: Na aliyefaulu ila nafasi zimejaa?

DEO: Anawekwa kwenye kanzidata, anaweza kupangiwa kituo nafasi ya kada yake ikipatikana. Kwa hiyo zile taarifa zako kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi, ziwe hai.

ZUHURA: Wapo walioweka namba ya laini iliyopotea zamani.

DEO: Waingie wabadilishe leo. Na barua pepe pia, kama bado wanaikumbuka nywila.