Kabla ya Kidonge

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, Mtwara

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Dawa za saikedeliki, yaani zinazobadilisha fahamu na kuleta maruweruwe, zikitajwa kuwa tiba ya akili, swali la kwanza siku zote ni "zinapatikana wapi?" Swali hilo linaruka hatua: leo nang'ang'ania yanayotakiwa kabla ya kidonge na wakati wa kidonge.

Historia mnaijua: Albert Hofmann na LSD yake mwaka 1943, silosibini kutolewa kwenye uyoga 1958, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukafunga mlango. Tupite.

Twende chumbani. Mgonjwa ana sonona, ametumia dawa mbili au zaidi bila nafuu. Anameza miligramu 25 za silosibini, mara moja. Mwilini inageuka silosini, ikashika vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia. Ndani ya saa moja maruweruwe yameanza. Baada ya saa 6 hivi yamekwisha. Muda wote huo amelala, macho yamefunikwa, muziki masikioni, wataalamu wawili pembeni. Hawamhubirii, hawamdadisi. Presha inapimwa, kwa sababu hupanda. Hata kushikana mkono akiogopa huwa kumeafikiwa siku za maandalizi, maana aliye katikati ya maruweruwe hawezi kutoa ridhaa ya maana. Kesho yake anakaa nao tena, wachambue yaliyomtokea.

Na kabla ya hayo yote kuna mchujo. Mwenye historia ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, yeye au ndugu yake wa damu, hapiti. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hapiti: wapo waliochanganya hivyo wakarushwa na degedege kama mtoto mwenye malaria kali. Anayemeza fluoksetini, dawa ya kila siku ya sonona, makali ya silosibini hupungua, kwa hiyo huachishwa taratibu, wiki kadhaa. Hapo napo pana shimo: sonona inaweza kumrudia kwa nguvu kabla hata hajafika siku ya dawa. Nani anamwangalia wiki hizo?

Najua mnanung'unika huko nyuma. "Wataalamu wawili, mgonjwa mmoja, siku nzima? Wodi zetu hizi?" Ehee! Hapo ndipo nilipokuwa nawataka. Ukiondoa watu hao wawili, ulichobaki nacho si tiba iliyofanyiwa utafiti. Ni mtu aliyelevywa akaachwa peke yake.

Ushahidi upo, sibishi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuwa na watu 233. Wiki ya 3, waliopewa miligramu 25 walishuka pointi 12 kwenye kipimo cha sonona, wa miligramu 1, dozi ndogo ya kulinganishia, pointi 5.4. Lakini mtu aliyeona ukuta unapumua utamfichaje dozi aliyopewa? Anajua kapata ya kweli, na matumaini yake nayo yanaingia kwenye hesabu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nakimbia. Australia iliruhusu silosibini kama tiba 2023, kwa madaktari wa akili wenye kibali tu. Marekani iliikataa MDMA, dawa nyingine inayobadilisha fahamu, kama tiba 2024. Kwetu silosibini na LSD ni dawa za kulevya kisheria, nukta. Ketamini, dawa ya usingizi, ni ukoo mwingine, na iko kwenye kabati la chumba cha upasuaji. Kwa sonona hutumika miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40. Nafuu huja ndani ya siku moja, na mara nyingi haimalizi wiki mbili. Msiibebe kwenda kuijaribu wodini.

La mwisho, kwa mtakaopangiwa Newala na Tandahimba. Masika yakishika, kijana kasikia habari hizi, kaingia porini kuchuma uyoga asioujua. Akiletwa, ulizeni kwanza alikula saa ngapi na dalili zilianza saa ngapi. Maruweruwe yaliyoanza ndani ya saa moja, mwekeni mahali patulivu na mumwangalie. Kutapika na kuharisha kulikoanza baada ya saa 6 au zaidi, ogopeni sumu ya uyoga inayoharibu ini. Kesho yake atasema amepona, ataomba aende nyumbani. Msimruhusu.