Sachsenhausen: Kutoka Ukombozi hadi Hukumu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Tarehe 22 Aprili 1945, askari wa Kisovieti na wa Kipoland walipoingia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, waliwakuta wafungwa wapatao 3,000 tu, wagonjwa pamoja na madaktari na wauguzi waliobaki nao. Wengine zaidi ya 30,000 walikuwa wamekwisha kuswagwa kwa miguu na walinzi wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hiyo, na aliyeshindwa kutembea alipigwa risasi kando ya barabara. Kwao ukombozi ulifika mwanzoni mwa Mei, nao wengi hawakuuona.

Watu zaidi ya 200,000 walipitia kambi hiyo tangu mwaka 1936. Mmoja wao ni wa kwetu: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyelitumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Ukatili wa mahali pale ulihitaji mikono mingi. Katika uwanja wa kuhesabia wafungwa kulikuwa na njia iliyotandazwa zege, kokoto na mchanga, ambamo wafungwa walitembezwa hata kilomita 40 kwa siku, mizigo mgongoni, ili soli za viatu zijaribiwe kwa manufaa ya viwanda. Yupo aliyepanga jaribio, yupo aliyeandika matokeo, na yupo aliyesimama na bunduki. Nani kati yao awajibike?

Mahakama ya kijeshi ya Kisovieti iliketi Berlin mwezi Oktoba 1947 na kuwahukumu washtakiwa 16, akiwemo mkuu wa kambi, Anton Kaindl, aliyepewa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Lakini haki haitaki tufumbe macho: tangu Agosti 1945 Wasovieti hao hao waliigeuza Sachsenhausen kuwa kambi yao, na hadi ilipofungwa mwaka 1950 watu wapatao 12,000 walikuwa wamekufa humo, wengi kwa njaa na maradhi. Jambo hilo halipunguzi hatia ya Wanazi hata chembe, ila wafu hao nao wana haki ya kutajwa.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, mahakama za Ujerumani zilidai ushahidi kwamba mlinzi fulani alishiriki katika mauaji fulani, na kwa kipimo hicho maelfu walizeeka majumbani mwao. Hukumu ya Munich ya mwaka 2011 dhidi ya John Demjanjuk, aliyekuwa mlinzi katika kambi ya Sobibor huko Poland, ndiyo iliyofungua njia, kwa kukubali kwamba kulinda kambi ya maangamizi ni kusaidia mauaji yake. Ndipo Juni 2022 mzee wa miaka 101, aliyekuwa mlinzi wa Sachsenhausen, alipohukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa kusaidia mauaji ya watu zaidi ya 3,500.

Wapo waliouliza kuna faida gani kumhukumu mtu wa umri ule. Mimi naona waulizwe kwanza wale waliokuwa na mamlaka ya kumshtaki alipokuwa na miaka 40. Manusura na jamaa za waliouawa walifika mahakamani wakitumaini kwamba atasema aliyoyaona. Yeye alikana hadi mwisho kwamba aliwahi kuwa mlinzi pale, akafariki mwaka uliofuata kabla rufaa yake haijaamuliwa.