Wakongwe wa hoki na mikataba minene: tatizo ni miaka, sio hela

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Mada niliyopewa ni hii, je wakongwe wanaomaliza mikataba na kuwa wachezaji huru kule NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, wanastahili mahela wanayopewa, na jibu langu nawapa sasa hivi ili mtu asije akasema nimemzungusha: hela mara nyingi wanastahili, miaka ndo hawastahili. Mkisikia mtu wa miaka 31 kapewa dola milioni 7 kwa mwaka msishtuke na hiyo 7, ulizeni kwanza kapewa ya miaka mingapi.

Tuanze na Nashville, Julai 1, 2024. Kwa ambao hamfuatilii sana, Julai 1 ndo siku soko la wachezaji huru linafunguliwa, na watu wanakaa na simu toka asubuhi kama ile siku ya mwisho ya usajili wa Simba na Yanga, kila dakika tetesi. Sa siku hiyo moja Nashville Predators wakabeba watatu. Steven Stamkos, miaka 34, nahodha wa Tampa Bay aliyenyanyua kombe la Stanley, yaani la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021, wakampa miaka 4 kwa dola milioni 32. Jonathan Marchessault, miaka 33, katoka kufunga mabao 42 kule Vegas, miaka 5 kwa milioni 27.5. Halafu beki Brady Skjei, miaka 30, wakampa miaka 7 kwa milioni 49. Piga hesabu, milioni 108.5 siku moja. Na wala hawakuwa timu mbovu, msimu uliotangulia walipata pointi 99 wakaingia mtoano, kwahiyo watu wakaanza kusema safari hii kombe linaenda Nashville.

Wakaanza msimu kwa kufungwa mechi 5 mfululizo. Wakamaliza na pointi 68, na kati ya timu 32 za ligi nzima ni mbili tu zilikuwa chini yao, Chicago na San Jose. Stamkos alitoka mabao 40 akashuka hadi 27, Marchessault alitoka 42 akaja 21, nusu kamili.

Watu wengi wakamalizia hapo, wazee wamechoka basi. Mi naona hiyo ni nusu ya habari. Stamkos mabao yake mengi miaka yote pale Tampa yalikuwa yanakuja wakati wapinzani wamepungukiwa mtu, anasimama upande wa kushoto anasubiri pasi ya Nikita Kucherov, akiipata hata haitulizi, anaipiga hapo hapo. Na Kucherov msimu ule wa mwisho wa Stamkos pale alikuwa na pointi 144 (kwa mchezaji pointi ni mabao jumlisha pasi za mabao), yaani kama kuna mtu wa kukulisha duniani basi ni yule. Nashville walimnunua anayepiga, anayempa pasi akabaki Tampa. Hilo ndo kosa la kwanza kwenye hii mikataba, unaangalia namba za mtu unasahau alizipata akiwa na nani.

Na Tampa je? Majira hayo hayo ya joto Tampa walimwacha nahodha wao aondoke, mashabiki wakalia, wao wakaenda kwa Jake Guentzel, miaka 29, wakampa miaka 7 kwa milioni 63. Ghali kuliko Stamkos! Milioni 9 kwa mwaka dhidi ya 8. Akafunga mabao 41. Sisemi mwaka wa 7 wa Guentzel utakuwa mtamu, hapana, huo nao utakuja kuuma, ila kati ya 29 na 34 kuna miaka mitano ambayo kwenye huu mchezo ni mirefu sana. Mtu anaingia uwanjani sekunde 40 au 50 anakimbia kwa nguvu zote, anatoka, anapumua, anarudi, anagongwa ukutani, mechi zaidi ya 80 kabla hata mtoano haujaanza. Akili ya mchezo haizeeki haraka, nyonga na magoti ndo vinazeeka.

Sasa mtu atauliza, si ni hela ya tajiri, sisi inatuhusu nini? Inahusu, na hapa ndo hoki inatofautiana na mpira wa Ulaya. Toka 2005 NHL wana kikomo cha mishahara, kilikuja baada ya mgomo wa wamiliki uliofuta msimu mzima wa 2004-05. Mwaka wa kwanza kila timu isizidishe milioni 39, msimu wa 2025-26 ikafika milioni 95.5. Mmiliki hata awe na visima vya mafuta hawezi kuzidisha. Kwahiyo ukimpa mkongwe milioni 6 akafunga mabao 6, hujapoteza hela tu, umepoteza nafasi ya milioni 6 ambayo ungemlipa mtu mwingine, na nafasi hiyo hainunuliki popote.

Na ligi yenyewe imepangwa hivyo. Kijana akitoka kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, mkataba wake wa kwanza mshahara wa msingi una kikomo cha kama milioni 1 tu, na anabaki chini ya himaya ya klabu mpaka afikishe miaka 27 au misimu 7, ndo anakuwa huru kabisa. Zamani kabla ya 2005 ilikuwa mpaka miaka 31! Maana yake ile miaka mtu ana kasi kuliko yote analipwa kidogo, halafu siku anaruhusiwa kwenda sokoni tayari anaanza kushuka kilima. Kwahiyo mi siwalaumu wachezaji hata kidogo, wanadai deni la miaka ya nyuma, shida ni kwamba anayelipa deni sio timu iliyokopa.

Mnamkumbuka David Clarkson? Naona wa Toronto mmeshaanza kuguna. Julai 2013, Toronto Maple Leafs wakampa miaka 7 kwa milioni 36.75. Jamaa alikuwa na msimu mmoja tu wa mabao 30 pale New Jersey, mmoja, nyuma yake hakuna kitu cha kufanana. Msimu wa kwanza Toronto, mechi 60, mabao 5. Kabla hata hajamaliza msimu wa pili wakambadilisha na Nathan Horton wa Columbus, ambaye alikuwa na mkataba wa miaka 7 pia, milioni 37.1, na mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hachezi tena. Yani Toronto walikubali kumchukua mtu asiyeweza kucheza kwasababu mgonjwa wa muda mrefu sheria inakuruhusu kuzidisha kikomo kwa kiasi cha mshahara wake, ila mzima asiyefunga hakuna msamaha. Na Columbus kwa upande wao walikuwa hawajamkatia Horton bima, walikuwa wanalipa kila senti wenyewe, wakaona heri Clarkson angalau anavaa viatu vya barafu.

Kuna na ile ya Edmonton na Calgary, mi huwa inanichekesha. Edmonton walimpa Milan Lucic milioni 42 kwa miaka 7 mwaka 2016, Calgary wakampa James Neal milioni 28.75 kwa miaka 5 mwaka 2018. Lucic akashuka mpaka mabao 6 kwa msimu, Neal mabao 7. Julai 2019 mahasimu hawa wawili wa jimbo la Alberta, Kanada, wakabadilishana, chukua mzigo wako nipe wangu. Neal akaja kuwafungia Edmonton 19 msimu uliofuata hivyo kidogo walicheka wao.

Lakini kama mnataka kesi ya kufundishia shuleni ni Minnesota Wild. Julai 4, 2012 Wild walisajili wawili siku moja, Zach Parise na Ryan Suter, kila mmoja miaka 13 kwa milioni 98. Miaka kumi na tatu! Wote walikuwa na miaka 27 tu, sio wazee, na ndo maana nasema tatizo ni urefu, maana mkataba ulikuwa unaisha 2025 wakiwa na miaka 40. Na walicheza vizuri tu, hasa Suter, alikuwa anakaa uwanjani karibu dakika 29 kwa mechi, timu ikawa ya mtoano karibu kila mwaka. Ila katika miaka yote 9 waliyokuwa pamoja hawakuvuka raundi ya pili. 2021 Wild wakaamua kuwalipa waondoke wote wawili siku moja kama walivyokuja.

Kumlipa mtu aondoke kwenye NHL sio kwamba yamekwisha. Kwa kawaida aliyefikisha miaka 26 unampa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, unausambaza kwa mara mbili ya miaka iliyobaki, na kwenye kikomo inaendelea kuhesabika. Kwa Wild msimu wa 2022-23 ilikuwa milioni 12.7, halafu 2023-24 na 2024-25 milioni 14.7 kila msimu, kwa watu ambao walishaondoka. Jiulize milioni 14.7 inanunua nini. Ilibidi wamuuze Kevin Fiala kwenda Los Angeles akiwa katoka kupata pointi 85 kwasababu hawakuwa na nafasi ya kumlipa. Bahati yao kwenye dili hiyo wakampata Brock Faber ambaye amekuja kuwa beki wa maana, ila hiyo ni bahati, usiipange kwenye bajeti. Baada ya vurugu za mikataba mirefu kama hiyo ligi 2013 ikaweka sheria, miaka 8 ukiwa unabaki klabuni kwako, 7 ukihama, na kuanzia 2026 inapungua kuwa 7 na 6. Yani wamiliki wanajiwekea sheria ili wazuiwe wao wenyewe.

Kwanini basi wanaendelea? Kwasababu anayesaini sio atakayelipa. Angalia, meneja mkuu aliyewaleta Parise na Suter ni Chuck Fletcher, aliondolewa 2018, aliyekuja kuvunja mikataba ni Bill Guerin. Aliyemsajili Lucic alifukuzwa Januari 2019. Aliyemsajili Clarkson alifukuzwa 2015. Mwaka wa 5 wa mkataba ni shida ya mtu mwingine, mwaka wa kwanza ndo wa kuokoa kibarua chako. Halafu ni mnada, mkiwa timu kumi mnamtaka mtu mmoja anayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, sasa wenzako tisa wamekataa bei hiyo, una uhakika gani wewe ndo mwenye akili?

Nasikia mtu pale nyuma anasema Chara. Sawa, haki yake. Zdeno Chara alisaini Boston 2006, miaka 5 kwa milioni 37.5, akawa nahodha, 2009 akachukua tuzo ya Norris ya beki bora, na 2011, mwaka wa mwisho wa mkataba huo huo, kombe. Ila ona, alikuwa na miaka 29 na mkataba ni wa miaka mitano. Scott Niedermayer alienda Anaheim 2005 akiwa na 31, miaka minne, 2007 kombe na mchezaji bora wa mtoano. Mifupi yote. Marian Hossa ndo ananisumbua kidogo, Chicago walimpa miaka 12 akiwa na 30, na alibeba makombe matatu, 2010, 2013 na 2015, ila yeye aliikuta timu ina nyota vijana, Toews na Kane, wanapanda, na mkataba wenyewe ulisambazwa hivyo ili kwa mwaka uonekane kama milioni 5.3 tu, ujanja ambao sasa umebanwa.

Na anayenipinga kabisa ni Sergei Bobrovsky. Kipa, miaka 30, Florida 2019, miaka 7 kwa milioni 70. Misimu ya mwanzo watu walimtukana, mtoano wa 2023 ulianza yuko benchi, golini kakaa Alex Lyon. Na mkataba wake haukumruhusu mtu kumhamisha bila ridhaa yake, kwahiyo hata wangetaka kumuuza wasingeweza. Akarudi golini kwenye mfululizo na Boston, wakafika fainali, 2024 wakabeba kombe, 2025 tena, yote kwa kuwafunga Edmonton. Ile miaka ambayo kwa hesabu zangu ilitakiwa iwe ya hasara ndo ilileta makombe. Sina maelezo mazuri zaidi ya kwamba kipa anazeeka tofauti na fowadi, na mbele yake kulikuwa na kina Barkov, nahodha wa Florida.

Njia ninayoipenda ni ya Corey Perry. Anaheim walimlipa aondoke 2019, akaenda Dallas kwa milioni 1.5 mwaka mmoja, fainali. Montreal kwa laki 7 na nusu, fainali. Tampa kwa milioni 1 kwa mwaka, fainali. Edmonton 2024 na 2025, fainali zote mbili. Kapoteza zote tano maskini ya Mungu, ila angalia bei na angalia timu zilifika wapi.

Sasa nyie wa Leafs mnanitazama mnasubiri John Tavares. Toronto walimsajili Julai 1, 2018, akiwa na miaka 27, mkataba wa miaka 7 kwa milioni 77. Msimu wa kwanza mabao 47, hakuna aliyelalamika. Halafu korona ikaja, kikomo kikagandishwa milioni 81.5 misimu mitatu wakati Toronto walipiga hesabu kitapanda kila mwaka, na ile milioni 11 ikaanza kubana kila kona. Raundi mbili tu za mtoano walishinda ndani ya miaka hiyo saba, dhidi ya Tampa 2023, na hiyo bao la ushindi kafunga yeye kwenye muda wa nyongeza, na Ottawa 2025. Lakini 2025 huyo huyo, miaka 34, katoka kufunga mabao 38, akasaini tena miaka minne kwa milioni 4.38 kwa mwaka. Hata nusu ya ya zamani haifiki. Huyo wa pili nasaini leo, kalamu ninayo hapa, ila ningempa miaka mitatu.