Muulize kazi zake, mafaili utayaona yenyewe

Haya jamani karibuni, mliosimama mlangoni sogeeni mbele viti vipo, tuanze kabla jua halijawa kali. Leo naongea na nyie vijana ambao mtaani kwenu, iwe Mbagala iwe Tegeta, kompyuta ya jirani ikileta shida mnaitwa nyie, duka la ufundi huna ila unaitwa. Na simu hizo sa hivi zimeongezeka, kwa sababu Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ikiwemo ile chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo watu wanajibana wananunua nyingine, mpya au mtumba wa Kariakoo, alafu wanakupigia: njoo unihamishie vitu vyangu.

Mi nasema hivi, kazi inaharibikia kwenye swali la kwanza. Fundi anakaa anauliza, "Mama, mafaili yako umeyaweka wapi?" Sasa mtu anayeijua kompyuta kwa kazi yake tu, swali hilo hana jibu lake, atakwambia "yapo humo humo mwanangu", basi fundi anakopi Documents, anakopi Pictures, anapewa hela anaondoka, baada ya siku kadhaa mama anatafuta hesabu za kikoba hazipo. Usimuulize mafaili, muulize kazi. "Shikamoo mama, ukiwasha kompyuta asubuhi unaanza na nini?" Alafu kaa pembeni, mausi ashike yeye, kwenye ile kompyuta ya zamani, afungue kama anavyofungua siku zote, we tazama.

Chukulia mama anayepika kwenye sherehe na pia ndo katibu wa kikoba chao. Anafungua Excel, inakuja ile orodha ya mafaili ya karibuni, anabofya la juu kabisa, kazi inaanza. Kwake yeye faili "liko kwenye Excel", na hajakosea, ndo anavyolipata kila siku. Ila we angalia chini ya jina la faili, pale pameandikwa kwa herufi ndogo limekaa wapi, unaona E:, unajiuliza E ni nini, unainama nyuma ya meza unakuta flashi ndogo imechomekwa tangu enzi za fundi aliyemfungia mashine, vumbi limeifunika, mwenyewe hajui hata kama ipo. Ungekopi diski C yote mpaka kesho, mikopo ya wanachama usingeiona. Umeipata kwa sababu ulitazama mkono wake.

Basi endelea hivyo hivyo kazi kwa kazi. Wateja unawaandikia kwa njia gani? Kama anatumia ile Outlook ya kompyuta, mara nyingi kuna faili la pst, yaani ghala la barua pepe zake, na humo wakati mwingine mna barua za miaka. Picha za wajukuu zinaingiaje, kwa waya wa simu au WhatsApp? Nyingi utazikuta zimelala Downloads. Tovuti anazoingia kila siku, paswedi zake anazikumbuka au kompyuta ndo inamkumbukia? Hili la paswedi lisipite hivi hivi, hakikisha akaunti yake ya kivinjari imeingiwa na imeoanishwa, yaani paswedi zimepanda mtandaoni, ukiwa bado na mashine ya zamani mkononi.

Kingine, vile vipicha vilivyojaa kwenye desktopu. Chenye kimshale kwenye kona ni shotikati, hiyo ni kama kibao cha barabarani kinachoelekeza duka, ukibeba kibao duka linabaki kulekule. Na kama anatumia OneDrive, faili lenye alama ya wingu halipo kwenye diski hapo, linakaa mtandaoni, kwa hiyo usimwambie limepotea na wala usidhani umelikopi.

Programu sasa. Programu hazikopiwi, zinafungwa upya, ukihamisha folda ya Program Files unajichosha. Lakini sikilizeni hapa maana watu wa maduka wanaumia sana, ile programu ya mauzo na stoku inaweka hesabu zake sehemu yake yenyewe, mara nyingi sio kwenye Documents. Ingia ndani ya programu, tafuta sehemu ya bakapu, toa bakapu, alafu ifunge kwenye mashine mpya urudishe, uone mauzo ya jana yanasoma. Hapo ndo uhesabu umemaliza.

Kwenye kubeba sina maneno mengi. Mtandaoni Google Drive wanakupa GB 15 bure, OneDrive GB 5, kwa nyaraka zinatosha, ila GB 200 za video kwa bando la mtu usimfanyie hivyo, tumia diski ya nje. Tundu la USB 2.0 kiuhalisia linapitisha kama MB 30 kwa sekunde, yaani GB 100 ni karibu saa nzima, na mafaili yakiwa madogo madogo mengi inazidi hapo, kwa hiyo mwambie mapema asije akaona unamcheleweshea siku. Kukiwa na tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, na diski nayo iwe ya USB 3, muda unapungua sana. Na ukikuta video ya harusi ya GB 6 inagoma kuingia kwenye flashi wakati nafasi ipo tele, flashi hiyo ina fomati ya FAT32, ambayo faili moja haliruhusiwi kufika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati kwa exFAT, itaingia.

Ukimaliza kukopi hujamaliza kazi. Bofya kulia folda ya zamani, Properties, angalia idadi ya mafaili, na ya mpya vile vile, zifanane. Alafu mrudishe mama kwenye kiti, mashine mpya, mwambie fanya kazi yako ya asubuhi. Afungue mwenyewe, aandike jina moja, asevu, afunge, afungue tena. Akikwama usimnyang'anye mausi, mwelekeze kwa mdomo. Mnaona, we ukiondoka anabaki peke yake na mashine ambayo kila kitu kimehama sehemu, na mtu mzima akishaogopa kuibofya ataifunika na kitambaa.

Ile ya zamani usiifute siku hiyo, hata akikubembeleza kwamba kuna mteja anaitaka. Ikae mpaka mwezi upite, hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe, kuna kazi zinafanyika mara moja kwa mwezi na hazikutajwa kwenye mazungumzo yenu. Ikija kuuzwa, kufuta tu na kumwaga ile Recycle Bin hakuondoi data, zinaweza kurudishwa. Tumia Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Majina na simu za wanachama ni taarifa za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023.

Naona mkono pale. Dada anauliza, je kama ya zamani haiwaki kabisa? Swali zuri. Mashine kufa haimaanishi diski imekufa. Kwa laptopu nyingi za zamani diski ni ya inchi 2.5, unaifungua, unaiweka kwenye kava la USB, unachomeka kwenye mpya na mafaili yanaonekana. Ikikwambia huna ruhusa ya folda ya mtumiaji, bonyeza kuendelea, akaunti ya msimamizi wa kompyuta ina haki hiyo. Ikiomba ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, ni tarakimu 48, mwenye mashine aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft, mara nyingi umehifadhiwa huko. Ila ukisikia diski inagonga tik tik tik, chomoa hapo hapo usijaribu tena, ipelekeni kwa mtu wa kuokoa data, na mwambie mama bei yake ni kubwa kabla hamjatoka nyumbani.