Mlango wa Chumba B

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu mliojitahidi kufika jioni hii, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie hazina za mahekalu ya India na hayo yanayoitwa maarifa ya kale ya Wahindu. Sababu naijua. Kuna video inazunguka kwenye simu zenu: mlango mkubwa wa chuma, nyoka wamechongwa juu yake, hauna kufuli wala tundu la ufunguo. Msimulizi mwenye sauti nzito anasema umefungwa kwa mantra, yaani maneno matakatifu ya kuimbwa. Kuufungua ni lazima apatikane mtakatifu anayejua kuimba mantra ya Garuda, yule ndege wa mungu Vishnu aliye adui wa nyoka. Ukitumia nguvu, bahari itaufunika mji. Wangapi mmeiona? Naam, naona mikono mingi. Wengine mnaona haya, lakini mmeiona.

Nianze na yaliyo kweli, maana yapo mengi, na yangetosha kusimuliwa bila kuongezwa chumvi.

Hekalu lipo. Linaitwa Sree Padmanabhaswamy, liko Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Ndani yake Vishnu amelala juu ya nyoka Ananta, na sanamu ni ndefu kiasi kwamba waumini huitazama kupitia milango mitatu iliyopangwa sambamba. Karibu na hapo kuna vyumba vya mawe vya kuhifadhia mali ya hekalu. Kwa Kimalayalam huitwa kallara. Vilipokuwa mahakamani vilipewa herufi, A mpaka F, na baadaye vikatajwa viwili zaidi, G na H.

Vilifikaje mahakamani? Mwanasheria mmoja, ofisa mstaafu wa polisi, alifungua shauri akidai mali ya hekalu haisimamiwi ipasavyo. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Kerala ikaamuru serikali ya jimbo ichukue usimamizi. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, nayo ikaagiza mali ihesabiwe kwanza. Juni mwaka huohuo waangalizi wakateremka. Chumba A kilipofunguliwa, habari zilizotoka ziliishangaza dunia: mikufu mirefu ya dhahabu, vito, sanamu za dhahabu, magunia ya sarafu, zikiwamo za Roma ya kale na za Venice. Magazeti yakakadiria rupia trilioni moja, zaidi ya dola bilioni 20 kwa thamani ya wakati ule. Hayo yalikuwa makadirio ya magazeti, yashikeni kwa uangalifu. Lakini hata mkiyagawa kwa kumi, bado ni mali ya kutisha.

Mali hiyo ilitoka wapi? Swali hili video hailiulizi kabisa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ilitokana na pilipili manga. Pwani ya Malabar ilikuwa ikiuza pilipili na viungo kwa Warumi tangu enzi za kale, na Warumi walilipa kwa dhahabu na fedha. Wakaja Waarabu, wakaja Wareno. Sisi wa pwani hii tuna kipande chetu katika habari hiyo: mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa nahodha pale Malindi, akavushwa kwa pepo za kusi hadi karibu na Calicut, kwenye pwani hiyohiyo ya pilipili. Baadaye wakaja Waholanzi. Mwaka 1741, kule Colachel, mtawala wa Travancore, ufalme wa eneo lile la hekalu, aitwaye Marthanda Varma aliwashinda vitani. Mwaka 1750 mtawala huyohuyo akafanya jambo la ajabu la kisiasa: akaukabidhi ufalme wote kwa Vishnu wa hekalu hili, na yeye na warithi wake wakajiita watumishi wa Padmanabha. Tangu hapo aliyemwasi mfalme alikuwa anamwasi Mungu. Ushuru, zawadi, faini na sadaka vikawa na mahali patakatifu pa kuingia, na katika mahali hapo pa kuingia palikuwa pengi kuliko pa kutokea. Hapo hapatakiwi muujiza wowote kueleza dhahabu ile.

Sasa chumba B.

Waangalizi wa 2011 walikifikia. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, walikuta mlango wa nondo, wakaufungua. Wakakuta mlango wa mbao, wakaufungua. Kisha wakakuta mlango wa chuma uliokwama. Kukwama, ndugu zangu, ni jambo la kawaida kwa chuma katika hali ya hewa ya Kerala. Nyie wa mwambao mnalijua hilo kuliko mimi. Kabla fundi hajaletwa, familia ya kifalme ya zamani ilipinga mahakamani, na kazi ikasimamishwa. Agosti 2011 wanajimu waliitwa hekaluni, wakaonya kwamba kukifungua kutaleta maafa. Na yule mwanasheria aliyefungua shauri alikuwa amefariki mwezi Julai, akiwa mzee wa takriban miaka 70. Mnaweza kukisia watu walisema nini. Laana! Mzee wa miaka 70 amefariki, na watu wanatafuta nyoka.

Rekodi zinasemaje? Mgeni aitwaye Emily Gilchrist Hatch aliandika kitabu cha kuwaongoza watalii wa Travancore, kilichotoka 1933. Anasimulia kwamba miaka kama 25 nyuma watu walijaribu kuingia kwenye vyumba vya hazina na mienge, wakakuta swila wamejaa, wakakimbia. Hapo ndipo wapenzi wa hadithi hushangilia. Mimi naliona hivi: swila anahitaji kula. Anafuata panya na vyura, na panya na vyura wanahitaji upenyo. Chumba chenye swila hai ni chumba chenye matundu, na chumba chenye matundu hakijafungwa kwa nguvu zisizo za dunia hii. Mwaka 1931 vyumba vya hazina vilifunguliwa kwa amri ya mtawala mwenyewe, na gazeti likaandika. Kisha ukaja ukaguzi ulioongozwa na Vinod Rai, aliyekuwa CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wa India. Nanyi mnajua ripoti ya CAG ikitoka watu hawalali. Ukaguzi ule ulisema chumba B kilikwisha kufunguliwa mara zisizopungua saba tangu 1990. Watetezi wa mlango hujibu kwamba kilichofunguliwa ni sehemu ya nje tu, ya ndani haijaguswa. Sawa. Basi hadithi imerudi nyuma mlango mmoja. Ikifunguliwa ya ndani, itarudi tena.

Na mantra kufungua mlango? Sauti ni mtetemo wa hewa, na mtetemo unaweza kuvunja bilauri nyembamba ukilingana na mlio wake na ukiwa na nguvu ya kutosha. Komeo la chuma halina tabia hiyo. Ili sauti ya binadamu ilisogeze, lazima kuwe na mashine ndani inayoipokea na kuigeuza kuwa nguvu. Anayedai mashine hiyo ipo atuonyeshe mchoro wake, au chombo kingine kilichotengenezwa kwa ujuzi huohuo mahali pengine. Watu waliojua kutengeneza kitu kama hicho wasingekitengeneza kimoja tu.

Nitenganishe mambo mawili hapa, maana tuna ndugu zetu Wahindu humu ukumbini, na sikuja kuwakejeli. Mtu akisema, "Pale ni patakatifu, tunaamini Mungu hapendi pafunguliwe," hajasema lolote ambalo sayansi inaweza kulipinga. Anaomba heshima, na mahakama inaweza kupima haki yake. Ndivyo ilivyokwenda: Julai 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya familia ile ya kifalme katika usimamizi wa hekalu, na suala la kufungua chumba B ikaziachia kamati. Lakini mtu akisema, "Wahenga walikuwa na teknolojia ya mawimbi ya sauti," huyo ameacha imani na kuingia kwenye karakana. Karakana ina masharti yake.

Wala tusijifanye wajanja. Hapa kwetu watu wangapi wamechimba usiku chini ya majengo ya zamani wakitafuta mali ya Mjerumani? Wangapi wametapeliwa kwa zebaki nyekundu? Nisiendelee, naona baadhi yenu mnatazamana.

Nije kwenye hayo maarifa ya kale. Oktoba 2014, katika hospitali moja ya Mumbai, Waziri Mkuu Narendra Modi alimtaja Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, kama dalili kwamba upasuaji wa kuunda viungo ulikuwapo zamani. Januari 2015, kwenye Kongamano la Sayansi la India, mwalimu mstaafu wa marubani alisoma mada kwamba India ya kale ilikuwa na ndege za kwenda sayari hadi sayari. Mwaka 2019, kwenye kongamano hilohilo, mkuu wa chuo kikuu kimoja akasema Kaurava, wale ndugu mia moja wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu, walizaliwa kwa teknolojia ya mirija ya maabara. Venkatraman Ramakrishnan, mzaliwa wa India aliyepata Nobel ya kemia, aliliita kongamano hilo sarakasi.

Ile habari ya ndege ina kitabu chake, Vaimanika Shastra, kinachodaiwa kuwa cha maelfu ya miaka. Wahandisi watano wa Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore, walikichunguza, wakatoa ripoti 1974. Hawakukidharau. Walikisoma Kisanskriti chake, wakafuatilia kilivyopatikana, wakapiga hesabu za mashine zilizochorwa. Wakaona kimeandikwa si kabla ya 1904, kwa imla ya mtu mmoja, Subbaraya Shastry, wakati habari za ndege za kweli zimekwisha kuenea duniani. Na mashine zile hakuna hata moja ambayo ingeruka. Waliogundua hayo walikuwa Wahindi, India, miaka mingi kabla ya yule mwalimu wa marubani kusimama jukwaani.

Anayetaka vyombo vya angani vya Wahindi aende nje kidogo ya mji huohuo wa hekalu, kijiji cha wavuvi cha Thumba. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita pale, ndiyo maana wanasayansi walipachagua. Kanisa la wavuvi likawa ofisi yao, na Novemba 21, 1963 roketi ya kwanza ikaruka. Ilikuwa ya Kimarekani, na hawakuona aibu kusema hivyo, wakajifunza kwayo.

Kinachoniudhi ni kwamba majigambo haya yanafunika mambo ya kweli. Upasuaji, kwa mfano. Matini ya Sushruta, tabibu wa kale wa India, inaeleza namna ya kuunda pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu. Ujuzi wa namna hiyo haukufa. Mwaka 1794 gazeti la London liliandika habari za mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyepigana na Waingereza; fundi mmoja karibu na Pune akamtengenezea nyingine kwa ngozi ya paji la uso, madaktari wa Kiingereza wakitazama. Daktari Joseph Carpue akasoma, akajizoeza kwa miaka, na mwaka 1814 akaifanya London. Leo madaktari duniani kote bado hutumia ngozi ya paji la uso kuunda pua. Hapo hakuna mtu aliyeombwa aamini. Pua ilionekana.

Na Kerala yenyewe! Katika karne ya 14 aliishi huko mtu aitwaye Madhava, wa Sangamagrama. Yeye na wanafunzi wa wanafunzi wake waliandika kwenye majani makavu ya jamii ya mvumo. Nilakantha alimaliza kitabu chake cha falaki mwaka 1501. Jyesthadeva akaandika kingine kwa Kimalayalam, lugha ya watu wa kawaida, na ndani yake akaeleza hatua kwa hatua kwa nini kila kanuni ni kweli. Mwingereza Charles Whish aliandika habari zao miaka ya 1830, na Ulaya haikumsikiliza kwa zaidi ya miaka 100. Wanafunzi wa hisabati humu wamefundishwa mfululizo wao wa kupata pai, nitakaoueleza punde, kwa jina la Leibniz, mwanahisabati Mjerumani aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 baada ya Madhava kufa.

Kuna beti inayonasibishwa na Madhava. Inataja miungu, macho, tembo, nyoka, moto. Ukiisikia utadhani ni uganga. Kumbe kila neno ni namba: macho ni 2, tembo 8, nyoka naye 8, moto 3, miungu 33. Ukisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo unapata 2,827,433,388,233. Huo, beti inasema, ni mzingo wa duara lenye kipenyo cha 900,000,000,000. Toeni simu, gawanyeni. Mmepata 3.14159265359? Ndiyo pai, mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, nafasi 11 za desimali.

Walifikaje? Chukua 1, toa theluthi, ongeza sehemu ya tano, toa sehemu ya saba, endelea hivyo kwa namba witiri, kisha zidisha kwa 4. Ukijumlisha visehemu 10 vya mwanzo unapata 3.04184, jibu baya. Mfululizo huu unatambaa. Hata visehemu mia kadhaa havikufikishi mbali. Wao walilijua hilo, wakabuni nyongeza ya kusahihisha mwishoni: idadi ya visehemu, gawanya kwa mraba wake mara 4 ukiongeza 1, kisha zidisha kwa 4. Kwa visehemu 10 ni 10 gawanya kwa 401, mara 4, yaani 0.09975. Jumlisheni na ile 3.04184.

Nawapa dakika moja. Atakayepata wa kwanza anyooshe mkono, halafu tuanze maswali.